Maziwa ya Kifuniko cha Kijani

Tumwine hajawahi kujua kuleta habari mbaya taratibu. Alinipigia simu nikiwa dukani kwangu Misiera, kambini Nakivale, nikimpimia mteja mtindi, na badala ya salamu akasema: "Dokta Penina amekufa. Mazishi iko Jumamosi, Kabingo, kwa nyumba ya mama yake. Wewe kuja." Kisha akakata, maana tangu ujana wake Tumwine anaamini kwamba simu ni chombo cha kutolea amri. Mteja alikuwa amesimama na kikombe chake. Nilimjazia mpaka mtindi ukamwagika mezani, akacheka akidhani nimemfanyia hisani, nami nikamwacha acheke. Baadaye nilikaa juu ya kreti nyuma ya duka, na kwa muda sikulia. Nilikiwaza chumba kimoja tu, kile cha uani nyumbani kwake Mbarara, chenye dirisha la wavu na harufu ya maziwa ya moto, ambamo nililala mwaka mmoja wa ujana wangu. Watu wakitaka kujua mimi ni nani huniuliza habari za Kivu, za vita, za njia tuliyopita. Hizo nimewasimulia maofisa wengi mpaka zimenichosha, na hapa sizirudii. Mwaka ulionifanya niwe mtu huyu ni ule wa Dokta Penina, mwaka wa vifuniko vya kijani na vya manjano, na huo hakuna ofisa aliyewahi kuniuliza.

Alinikuta Kashojwa, kijiji kimoja cha kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kwenye zahanati, nikiwa mkalimani wa kujitolea. Nilikuwa na diploma yangu ya sekondari ya biolojia na kemia, imekunjwa ndani ya plastiki, na nilikuwa nimeshakata tamaa kwamba kuna mtu atakayeitaka kuiona. Yeye hakuitaka pia. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, koti jeupe limemkaa vibaya mabegani, na Kiswahili chake alikipata utotoni kwenye kambi ya jeshi Mbarara, alikokuwa akifanya kazi baba yake. Ndiyo maana hata akikubembeleza ungedhani anakukamata. Aliniangalia akauliza swali moja: "Wewe unaogopa mavi ya mtoto?" Nikasema siogopi. "Kale," akasema, ndiyo sawa yao, "Jumatatu kuja Mbarara." Hiyo ndiyo ilikuwa intavyuu yangu, na mpaka leo nikisikia vijana wanavyoteswa na maswali ya maofisini huwa nawahurumia.

Kazi yake ilinichukua wiki kadhaa kuielewa vizuri, ingawa ukiisema haraka ni kitu rahisi. Kuna wadudu wadogo wasioonekana kwa macho ambao wanatugandishia maziwa na kuchachusha bushera, kinywaji cha mtama, na baadhi yao wakishuka tumboni mwa mtoto wanakaa kama walinzi, wanawazuia wale wabaya wa kuharisha wasipate nafasi. Dokta alikuwa amezunguka Ankole yote akiomba maziwa yaliyoganda kwenye nyumba za wafugaji, akiyabeba mpaka maabara, akiwatenga wadudu hao aina kwa aina, akiwajaribu kwa asidi, kwa nyongo, kwa joto. Wengi walikufa. Aina moja ilivumilia kila kitu, hata kukaushwa ikawa unga na kukaa kabatini bila friji. Ndoto yake ilikuwa kapakiti kadogo ambako mama yeyote, hata asiye na umeme, angekamwaga ndani ya maziwa au uji wa mtoto wake. Kiwanda kimoja kilikuwa tayari kuutengeneza unga huo, ila kwa sharti moja, kwamba aonyeshe kweli watoto wanaokunywa wadudu hao wanaharisha kidogo kuliko wasiowanywa. Na mahali ambapo watoto walikuwa wanaharisha kila msimu wa mvua sikuhitaji kuonyeshwa kwenye ramani. Akifaulu Nakivale, unga wake ungeingia dukani. Asipofaulu, maabara ingefungwa, alisema hivyo mwenyewe siku ya kwanza, akivaa glavu, kama mtu anayekutajia bei ya nyanya.

Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye meza za vigae, kabati la joto ambalo lilinguruma mchana kutwa, chungu kikubwa cha mvuke cha kuchemshia vyombo, na Tumwine. Tumwine alikuwa fundi wa maabara na dereva pia, na kwa maoni yake mwenyewe ndiye aliyekuwa bosi. Alinifundisha kushika sahani ndogo za kioo bila kuzipumulia, kuchoma sindano ya waya kwenye moto kabla ya kuwagusa wadudu, na kutambua makundi yao yakishakua, meupe, ya mviringo, yanayong'aa. Kuonja kulikatazwa. Tumwine alionja kila kitu. "Hii ya leo imelala vizuri," angesema akipangusa masharubu, na Dokta kutoka chumba cha pili angepiga kelele: "Tumwine, mdomo!" Nilikuwa nikicheka mpaka naona aibu, maana nilikuwa nimesahau kwamba naweza kucheka kwa sauti mahali penye wakubwa. Naandika hili leo na bado naliona kama lilikuwa mshahara mkubwa kuliko ule nilioupokea.

Nilikaa nyumbani kwake kwa sababu chumba cha kupanga mjini kilinishinda, na kwa sababu aliamua. Jioni tulikula jikoni, yeye, mimi, na binti yake Kobusinge ambaye wakati ule alikuwa msichana wa shule, mwenye kiburi cha kupendeza. Matoke ya kuponda yakifukuta ndani ya majani, maharage, na siku za furaha eshabwe, ile samli nyeupe iliyopigwa na chumvi na maji baridi mpaka ikawa kama krimu, ambayo mara ya kwanza niliila kwa heshima tu na mara ya pili niliiomba. Katikati ya meza kulikuwa daima na jagi la bongo, maziwa mgando wanavyoyaita Uganda, ambayo kwetu Kivu tunayaita mashanza. Tukishakunywa, Dokta alilishika jagi, akaliangalia kwenye mwanga, akahakikisha kimebaki kidogo chini. Hicho kidogo hakikuguswa. Kabla ya kulala angemwagia juu yake maziwa ya vuguvugu, akafunika kwa sahani, na asubuhi jagi lilikuwa limejaa bongo mpya. Nyumbani kwetu ni hivyohivyo. Chombo cha mashanza hakikombwi, na mtoto atakayeingiza kidole mpaka chini anajua kofi litatokea wapi. Nililiona lile jagi kila jioni, akaliona yeye, akaliona Tumwine alipokuja kula, na hakuna hata mmoja wetu watatu aliyefikiria chochote.

Tulianza Kashojwa mwanzoni mwa mvua. Mpango ulikuwa hivi. Kila asubuhi gari letu lilileta vikombe vya mtindi vilivyofunikwa, kikombe kimoja kwa kila mtoto mdogo. Nusu ya nyumba zilipata vyenye kifuniko cha kijani na nusu vyenye kifuniko cha manjano. Ndani ya rangi moja wadudu walikuwa hai. Ndani ya nyingine mtindi ulikuwa umepashwa moto mpaka wadudu wakafa, kisha ukapozwa, na kwa ulimi wangu sikuona tofauti. Rangi ipi ni ipi hatukujua, si mimi, si Tumwine, wala Dokta mwenyewe. Alijua mwenzake mmoja tu kule chuoni, aliyeapa kutosema, ili sisi wengine tusije tukawaangalia watoto wa rangi moja kwa huruma kuliko wa rangi nyingine. Kina mama walielezwa yote hayo, kwamba vikombe vingine vina wadudu hai na vingine havina, wakakubali, wakaweka dole gumba. Sharti letu kwao lilikuwa moja: mtoto amalize kikombe chote. Nililitafsiri sharti hilo kwa Kiswahili cha kwetu na kwa Kirundi changu cha kubahatisha, nyumba kwa nyumba, wakaitikia kwa kichwa. Kazi yangu ya kila siku ikawa kuuliza nani ameharisha, mara ngapi, maji au damu, na kukusanya yale ambayo Dokta aliniuliza kama nayaogopa.

Nyumba niliyoipenda ilikuwa ya Mama Nabintu, Mshi wa Walungu, kwetu Kivu, mjane aliyelea wajukuu na kulima kipande cha mahindi kuelekea ziwani. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, paa nusu bati nusu turubai, lakini ndani alifagia mpaka sakafu ikang'aa, na pembeni mwa jiko alitundika kibuyu cha maziwa chenye kifuniko cha kusuka. Siku moja mvua ilinikuta mlangoni kwake. "Ingia mu nyumba, mwana," akaniambia, "hii mvula haina adabu." Akanipa kikombe. "Kunywa kwanza. Ni mashanza ya asubui." Nilikunywa. Yalikuwa mazito, laini, na nyuma yake kulikuwa na ule ukali mdogo wenye utamu ambao niliufahamu kwa sababu Tumwine alinifundisha kuonja kwa siri. Ilikuwa ladha ya maabara yetu. Nilikuwa bado nimeshika kikombe wakati jirani yake, Mama Domitila, Mrundi mwembamba mwenye rozari shingoni, alipochungulia mlangoni akiwa amejifunika gunia kichwani.

"Yoo, Nabintu! Nisaidie kijiko cha kijani. Jana hawa watoto wamekomba yote, sikuwaona."

"Chukula mwenyewe, iko mu kibuyu. Na safari hii uwafiche."

Nikauliza kijani ni nini. Mama Nabintu akaniangalia kama mtu anayeulizwa chumvi ni nini. "Si ile yenu? Ya kifuniko cha kijani inashika maziwa. Unabakisha kijiko, unatia mu maziwa ya vuguvugu, asubui imeshikana muzuri. Ile ya manjano, unaamuka, maziwa iko vile vile, ao imeoza. Tuliangalia sisi bote. Ya manjano imekufa."

"Bote ni nani, Mama?"

"Bote. Fasi yote hii mpaka ku barabara. Benye kijani banagawia benye manjano. Sasa ungetaka tufanye namna gani?"

Mvua ilipiga bati. Domitila alichota kijiko chake, akakitia ndani ya bilauri, akashukuru, akaondoka mbio na gunia lake. Mimi nilibaki nimekaa kwenye kigoda, kikombe mkononi, nikiielewa polepole kila sehemu ya kilichotokea. Tuliwaambia wamalize kikombe chote, wakaitikia, kisha wakabakisha kijiko bila hata kufikiri kwamba wanavunja ahadi, kwa sababu hakuna mwanamke wa kwetu anayehesabu kijiko cha mwisho kuwa ni chakula. Hicho ni mbegu. Na mbegu ya maziwa, kama kaa la moto, jirani akiiomba hanyimwi. Kwa hiyo watoto wote wa Kashojwa, wa kijani na wa manjano, walikuwa wanakunywa wadudu hai wa Dokta Penina tangu wiki za mwanzo, na hakukuwa na watoto wengine wa kuwalinganisha nao. Nilitamani mvua isiishe ili nisilazimike kutoka mle ndani.

Nilimwambia Tumwine garini, tukiwa tumekwama kwenye matope kabla ya Kabingo. Alizima injini. "Nyamaza kwanza," akasema. "Kazi imebaki kidogo. Ukisema, kila kitu imekufa. Maabara, mimi, wewe. Na yeye Dokta, bambi, maskini, yeye atabaki na nini?" Nikamuuliza, na nisiposema? Akasugua usukani kwa kiganja. "Usiposema, hesabu itasema unga haifanyi kitu. Kijani na manjano sawasawa. Hiyo pia kufa." Tulibaki pale, mgomba kulia na mgomba kushoto, maji yakitiririka juu ya kioo. Tumwine hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alikuwa ametafuta njia ya kumwokoa Dokta, akakuta zote mbili zimefungwa.

Nilimwambia Dokta mezani, jioni ileile, kwa sababu nisingeweza kula. Kobusinge alikuwa ameshaenda kusoma. Dokta alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akasema "Rudia," nikarudia. "Nyumba gani wamefanya hivyo?" Nikasema zote. Macho yake yakaenda kwenye jagi, lile jagi, likiwa na bongo kidogo chini, tayari kwa maziwa ya kesho.

"Banange, jamani," akasema taratibu. "Mimi hapa, kila siku ninawacha bongo kwa jagi. Mama yangu Kabingo alikuwa ananichapa nikimaliza. Alafu ninaenda kwa wamama wa Nakivale, ninasema, maliza kikombe yote!" Akaanza kucheka. Alicheka akipiga meza, koti lake jeupe kwenye kiti likaanguka, nami nikacheka naye kwa woga. Kisha niliona kwamba machozi hayakuwa ya kicheko tena. Alilia wazi, bila kujificha, kama wanavyolia watoto. Nilimpenda sana wakati ule na sikujua niweke wapi mikono yangu.

Siku zilizofuata simu yake haikutulia. Nilikuwa naosha vyombo uani, chini ya dirisha la jikoni, nikamsikia akizungumza na bwana mmoja wa kile kiwanda cha unga. Kiingereza changu kilikuwa kidogo lakini kwa hilo kilitosha. Bwana alitaka aziondoe nyumba zilizogawana, abaki na zile ambazo hazikugawana. Dokta akamjibu hakuna nyumba ambayo haikugawana. Basi awaulize upya kina mama, akasema bwana, awaulize kwa namna ambayo watajibu hawakugawana. Simu ilikuwa na sauti kubwa, nilisikia mpaka pumzi za bwana. Nilisimama na sufuria mkononi, maji yakinichuruzika viwikoni, nikimwomba Mungu amtie Dokta maneno ya kukataa, na papo hapo nikimwomba asikatae, kwa sababu alikuwa ameniahidi kunitafutia nafasi chuoni maabara ikisimama, na nilikuwa nimeshajiona kwenye koti langu mwenyewe. Nilisikia akisema hapana. Hakueleza. Alirudia hapana, kwa upole, akaweka simu mezani, akaniita nije ninywe chai.

Alikwenda Kashojwa yeye mwenyewe kuwaambia. Wengine wangemtuma mkalimani. Kina mama walikusanyika uani kwa Mama Nabintu, Dokta akaketi juu ya kidumu kilichopinduliwa kama wao, akaeleza, nami nikatafsiri pale Kiswahili chake kilipokwama. Mama Nabintu ndiye aliyeanza kujitetea. "Dokta, usikasirike na siye. Mutoto wa Domitila alikuwa nahara, macho imeingia ndani. Ningemunyima kijiko?" Dokta akasema, "Hapana. Wewe usimunyime." Lakini Domitila alikuwa amesimama, na hakutaka kutulizwa. "Mlituambia, ndiyo, zingine hazina uhai. Nikaweka kidole. Lakini nilipojua kwamba ya kwangu ndiyo maiti, mlitaka nimpe mtoto maiti kila asubuhi, na dawa iko hapo kwa jirani?" Nilitafsiri ingawa haikuhitajika.

"Kama ingekuwa dawa, mimi singekupa ile ingine," Dokta akasema. "Nyinyi mmejua inakamata maziwa. Hiyo ni kweli, hata mimi najua. Lakini inazuia mtoto kuhara? Hiyo hujui, na mimi sijui. Nilikuja juu ya hiyo."

"Batoto bote banahara kidogo mwaka hii," akasema mama mmoja nyuma. "Ni mashanza yako."

Na hapo ndipo nilipomwona Dokta Penina alivyo hasa. Maneno hayo ndiyo aliyoyatafuta nusu ya maisha yake, yamewekwa mbele yake bure, na watu uani wakapiga vigelegele. Angeweza kuyachukua akaondoka nayo. Badala yake alitikisa kichwa, akanyoosha kidole kuelekea barabarani, ambako miezi ileile mafundi walikuwa wameweka mabomba mapya ya maji safi. "Labda mashanza," akasema. "Labda maji. Hatujui." Domitila alimtazama kwa muda, bado ana hasira, kisha akaingia ndani akatoka na kigoda, akamwambia aondoke juu ya kidumu, mtu mzima haketi hivyo.

Dokta aliandika kila kitu kama kilivyotokea, pamoja na jagi lake mwenyewe. Kiwanda kilijitoa. Maabara ikafungwa kabla ya mwaka kuisha, kabati la joto likazimwa, na friji zenye wadudu wake wa miaka yote zikagawanywa kwa idara nyingine, wadudu wakamwagwa. Tumwine aliviringisha nyaya akiwatukana watu ambao hawakuwapo. Nafasi yangu ya chuo ilikwenda na friji hizo, na sitasema uongo, nililia, tena nililia kwa hasira, na hasira hiyo ilikaa miaka. Hata leo nikipita mbele ya duka la dawa Mbarara, nikaona vipakiti vya rangi nzuri vya wadudu wazuri kutoka ng'ambo vimepangwa dirishani, roho inaniuma. Siku aliyonirudisha Nakivale na godoro langu, Dokta alisimama kwanza kwa Mama Nabintu. Nilidhani anaaga. Alikuwa na chupa ndogo ya maabara, aliichemsha mwenyewe, akasema kwa aibu ambayo sijawahi kuiona kwake: "Nyabo, mama, mimi yangu wamemwaga yote. Nisaidie kijiko." Mama Nabintu akafungua kibuyu kana kwamba ni jirani yeyote amepita.

Jumamosi nilikwenda Kabingo na kidumu cha mtindi wa dukani kwangu, maana sikujua kitu kingine cha kumpelekea. Mbegu yangu niliipata kwa Mama Nabintu, naye ameshazikwa zamani, na wateja wangu Misiera bado wanauita kijani ingawa hakuna anayekumbuka kwa nini. Mahubiri yalikuwa marefu. Watu wa chuo walimsifu kwa wanafunzi aliowafundisha, wakauruka ule mwaka kama shimo la barabarani, na Tumwine, mzee sasa, masharubu meupe, akaninong'oneza: "Hawa wanaogopa kusema alishindwa." Baada ya mazishi nilipita jikoni kuweka kidumu changu. Kobusinge alikuwa mle peke yake. Ni ofisa wa polisi siku hizi, mrefu, na alikuwa ameshika jagi la mama yake, lile la Mbarara, kwa mikono miwili. Lilikuwa safi, linang'aa.

"Alipolazwa, shangazi aliosha vyombo yote," akasema. "Alitaka kusaidia, hakujua. Mama amekunywa hii kila siku toka ile wakati yenu. Hata hospitali alikuwa anauliza, umeweka maziwa? Nilimwambia ndiyo." Alijaribu kuliweka jagi mezani, akashindwa. "Nilimdanganya."

Nilimshika bega. Nilifungua kidumu, harufu ikatoka, naye akainua kichwa mara moja, akavuta pumzi kama alivyokuwa akifanya msichana wa shule akirudi na njaa.

"Auntie Asifiwe. Hii ni ile yake?"

Nilitaka sana kusema ndiyo. Angefurahi, nami ningefurahi, na hapakuwa na mtu duniani wa kunibishia. Lakini mtindi huo umepita kwenye vibuyu na bilauri na ndoo zisizohesabika, mikononi mwa wanawake nisiowajua, na aliyekuwa na uwezo wa kuutazama kwenye sahani zake za kioo na kuniambia tulikuwa tumetoka kumfukia.

"Hatujui," nikamwambia. "Pasha maziwa, yawe vuguvugu tu, kisha niletee kijiko."